Hesabu kwa Ncha za Vidole

Msafiri atokaye mjini Eldoret akashika njia ya Moiben hupita katikati ya mashamba mapana ya mahindi na ngano, na akikaa na wenyeji hatakawia kugundua kuwa mazungumzo yao yamejaa hesabu. Ekari ngapi zimelimwa? Mbolea mifuko mingapi? Gunia la kilo 90 limekwenda kwa bei gani, na baada ya kumlipa mwenye trekta kimebaki nini? Mtoto wa nyumba hizo hukutana na hesabu nyumbani kabla hajakutana nayo shuleni. Basi na tujiulize: ikiwa mtoto huyo haoni, atafundishwa vipi?

Jawabu lililozoeleka ni kumwonea huruma na kumsamehe. Hesabu, husemwa, ni somo la macho. Asiyeona apewe historia, dini na lugha. Walakini huruma hii ina sumu ndani yake. Nchini Kenya, tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, hisabati ilikuwa somo la lazima hadi kidato cha nne, na aliyetoka na alama mbovu alifungiwa milango mingi ya vyuo na kazi. Aliyesamehewa darasani hasamehewi mlangoni pa kazi.

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kuambiwa kwamba asiyeona anaweza kusoma. Tunawajua mahafidhi wasioona waliohifadhi Kurani nzima kwa kusikia. Lakini hapa ndipo penye fumbo: maneno huingia kwa sikio yakakaa, hesabu haikubali. Mtu akikusomea, "moja ongeza mbili gawa kwa tatu," umesikia nini? Je, ni moja na theluthi mbili? Au moja na mbili zijumlishwe kwanza, zipate tatu, kisha zigawanywe kwa tatu, jawabu liwe moja tu? Mwenye macho huona mstari umeanzia wapi na umeishia wapi. Mwenye kusikia hana mstari.

Chukua mfano wa mirathi. Marehemu ameacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Mke ana thumni, mama ana sudusi, na kilichobaki ni cha mtoto. Mali ikigawanywa mafungu 24, mke hupata 3, mama 4, na mtoto 17. Hili huenda likafanyika kichwani. Lakini warithi wakizidi, hata alimu mwenye macho mazima huomba karatasi na kalamu. Asiyeona naye anataka karatasi yake, ila iwe ya kupapaswa.

Karatasi hiyo ipo. Louis Braille, Mfaransa aliyepoteza macho utotoni, alichapisha mwaka 1829 mfumo wake wa nukta sita, tunaouita nukta nundu au breli. Kwa lugha ulitosheleza, lakini kwa hesabu palibaki kazi. Nukta sita hutoa maumbo 63 tu, nayo hupangwa mstari mmoja mmoja. Sehemu ambayo waonao huiandika juu na chini lazima ilazwe ubavu, iwekewe alama ya kufungua, ya kutenganisha na ya kufunga. Nukta moja ikisahauliwa, swali zima limeharibika.

Aliyeitatua sehemu kubwa ya shida hiyo alikuwa mwenyewe haoni. Abraham Nemeth, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1918 bila kuona, alishauriwa aachane na hisabati akasome saikolojia. Alisoma, kisha akarudi kwenye hisabati aliyoipenda. Mwaka 1952 mfumo wake wa kuandika hesabu kwa nukta nundu ulichapishwa, na ungali unatumika. Wala hakuwa wa kwanza. Nicholas Saunderson wa Uingereza, aliyepofushwa na ndui akiwa mtoto mchanga, alikuwa profesa wa hisabati Cambridge tangu mwaka 1711, akipiga hesabu zake kwa pini juu ya ubao wenye matundu.

Turudi kwetu. Mjini Eldoret, shule ya sekondari ya wasichana ya Moi imekuwa ikiwapokea wasichana wasioona wakasoma pamoja na wenzao waonao. Huko Likoni, Mombasa, ipo shule ya wasioona. Katika darasa la aina hiyo mwalimu anaposema, "Tazameni hapa ubaoni," neno hilo "hapa" halimfikii kila mtu. Akisema "pembe ya kushoto, digrii 60," amewafundisha wote, na hakutumia hata senti.

Vifaa vingine ni vya gharama. Mashine ya Perkins, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1951, huacha kazi yote juu ya karatasi, na kidole kikaweza kurudi mstari wa juu kutafuta kosa. Kifaa kipya cha umeme, Orbit Reader 20, hubeba vitabu vingi ndani ya mkoba, lakini huonyesha herufi 20 tu za mstari mmoja kwa wakati. Kwa hadithi chatosha. Kwa mlinganyo mrefu, vyote viwili vinatakiwa. Kompyuta nayo husoma kwa sauti, lakini kanuni iliyobandikwa kama picha huipita kimya. Ikiandikwa kwa MathML, mashine huweza kuitamka na kuigeuza nukta nundu.

Sheria nayo imefungua njia. Kenya iliingia katika Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, mkataba unaoruhusu vitabu kunakiliwa kwa ajili ya wasioona bila kuomba idhini ya mwenye hakimiliki. Kilichobaki ni mikono: watu wajuao hesabu na nukta nundu kwa pamoja.

Na pale ambapo fedha hazijafika, mikono hiyo hiyo yaweza kuanza. Uzi uliogandishwa kwa gundi juu ya karatasi ngumu ni mstari wa grafu. Punje za mahindi, ambazo Moiben hazikosekani, zikipangwa safu safu ni jedwali la kuzidisha. Pini na mpira juu ya ubao laini ni pembetatu, na mtoto akiipapasa atajua upande upi ni mrefu kabla hajaambiwa.

Wahenga walisema kipofu hasahau mkongojo wake. Mkongojo wa mwanafunzi huyu ni ukurasa unaogusika. Yeye hatausahau, tusimnyime sisi, kisha tukasema hesabu imemshinda.