Kumbe siyo nyumba ndogo, ni masikio!

Shoga yangu mmoja alinipigia simu usiku akilia. "Mwenzangu, huyu mwanaume ana mtu nje." Nilipomuuliza ushahidi akaanza kuhesabu: akimsemesha kutoka jikoni haitiki, TV anaipandisha sauti mpaka majirani wanafuatilia taarifa ya habari, na kubwa kuliko yote, simu ikiita anatoka nje kuongea. "Sasa anaficha nini?"

Wakanuniana kwa miezi. Siku moja mtoto wao akamsimulia baba yake mambo ya shule, akamalizia kwa swali. Baba akatabasamu tu. Mtoto akarudia mara tatu, kisha akamgeukia mama: "Baba hanisikii."

Hospitali wakampima usikivu. Miaka kumi kiwandani karibu na jenereta, na kila wikiendi baa, meza ya jirani na spika, vilikuwa vimeharibu masikio yote mawili. Simu alitoka nayo nje kwa sababu ndani, TV na feni vikiwaka, hakuambulia neno.

Inakuwaje?

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo chenye umbo la konokono, na humo mna seli za kusikia zenye vinyweleo, kama 15,000 kila sikio. Kelele kubwa inazichosha. Ndiyo ule mlio wa "nziii" ukitoka disko, unahisi kama umezibwa pamba. Ukipumzika unapata nafuu, lakini ukirudia kila mara seli zinakufa, na zikishakufa hazioti tena.

Zinazotangulia kuharibika ni zile za sauti nyembamba. Hapo ndipo s, f, t na k zinapoanza kupotea: "kata" na "pata" mtu anazisikia sawa, na sauti ya mtoto inakuwa fumbo. Anakwambia, "nakusikia, ila sikuelewi." Haiumi, inakuja polepole, na mara nyingi mwenzi wako ndiye anayeiona kwanza, ila anadhani ni dharau.

Kelele kiasi gani?

Kelele hupimwa kwa desibeli. Kwa kazi, kiwango kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda salama unakatika nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Zikifika 100 umebakiwa na dakika 15 tu! Huna kipimo? Kama inabidi upaze sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, hapo pana kelele ya kudhuru.

Ufanye nini?

Kazini: Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA. Usione aibu kumuuliza bosi kuhusu vifaa vya kujikinga. Mashine ikarabatiwe au izungushiwe ukuta, wafanyakazi wapokezane zamu, na kila mtu avae vizibo au vifuniko vya masikio muda wote wa kelele. Pamba haitoshi. Omba pia upimwe usikivu kila mwaka.

Disko, baa na harusini: Hama meza iliyo jirani na spika. Toka nje upumzishe masikio kila baada ya muda. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kumbi za burudani zisizidi wastani wa desibeli 100, na ziwe na sehemu tulivu ya kupumzikia. Vizibo vinaingia kwenye pochi, na muziki bado utausikia.

Hedifoni: Usipite asilimia 60 ya sauti. Kwenye daladala yenye muziki utashawishika kupandisha. Bora uzizime kabisa mpaka ushuke.

Mlio ukiendelea kwa siku kadhaa, muone daktari. Sikio likiziba ghafla bila sababu, nenda siku hiyo hiyo, usisubiri wiki iishe.

Na nyumbani je?

Kabla hujamtuhumu mwenzio, punguza TV, mwite jina, mtazame usoni ndipo useme. Na wewe unayesema "eeh?" kila dakika, usijifanye umesikia. Ukiitikia kitu ambacho hukukisikia, kesho utaulizwa!

Shemeji yangu sasa ana vifaa vya kumsaidia kusikia, na kazini havui vifuniko. Usikivu uliopotea haurudi, na daktari hakumficha hilo. Anachokilinda ni kile kilichobaki. Lakini simu anapokea palepale sebuleni, na mtoto akiuliza swali anajibiwa.

Mwezi huu mnapopanga mtoko wenu, ongezeni na safari moja ya kwenda kupima masikio, wote wawili.