Kabla Hujapeleka Picha Studio, Jua Nani Atakatwa

Mtu akifariki Makueni au Kitui, moja kati ya kazi za mwanzo za familia ni kutafuta picha. Sisi Waislamu mazishi yetu hayana haja nayo. Maiti huoshwa, husaliwa na kuzikwa, mara nyingi siku ile ile. Lakini jirani zetu Wakamba wengi ni Wakristo, na kwao picha kubwa ya marehemu hutangulia jeneza, kisha hutundikwa ukutani ikabaki hapo miaka na miaka. Kwa hivyo kijana hutumwa mjini, iwe ni Wote, Kitui au Mwingi, na simu mkononi, arudi na picha ya inchi 8 kwa 10. Anaporudi, wakati mwingine susu, yaani nyanya yao, amekatwa kilemba, au uso wake umevutwa hata wajukuu hawamtambui.

Nina wakwe Kitui, na safari za kazi hunipitisha sana Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali. Kuta za sebule za huko nimezitazama kwa jicho la mtu aliyesomea diploma ya habari na kufundishwa mambo ya picha. Tatizo hili nimeliona nyumba nyingi, na kwetu Likoni na Kisauni liko vile vile. Wengi husema kwamba studio imeharibu. Mara nyingi studio haina kosa kubwa. Chanzo ni hesabu ndogo ambayo hakuna aliyetwambia.

Fikiria leso. Leso ina mji katikati, ina jina, na ina pindo pande zote nne. Ukiwa na fremu fupi kuliko leso yako na ukataka kuitundika bila kuikunja wala kuivuta, itabidi upunguze pindo. Picha ni hivyo hivyo. Karatasi ya studio ina umbo lake na picha ya simu ina umbo lake. Maumbo yakitofautiana, kinachopotea ni pindo la picha. Ikiwa uso wa mtu ulikuwa kwenye pindo, basi unaondoka nao.

Umbo hili tunaliita uwiano, yaani ukubwa wa upande mmoja ukilinganishwa na mwingine. Simu nyingi, zisipobadilishwa, hupiga picha ya uwiano wa 4 kwa 3. Ukichagua picha ijaze kioo chote cha simu, utapata 16 kwa 9 au nyembamba zaidi. Kamera kubwa za wapiga picha wa harusi hupiga 3 kwa 2. Upande wa karatasi, ile ndogo ya albamu, inchi 4 kwa 6, ni uwiano wa 2 kwa 3. Ya inchi 5 kwa 7 ni umbo jingine. Ya inchi 8 kwa 10 ni 4 kwa 5. Karatasi ya A4 ambayo saiba hutumia, milimita 210 kwa 297, nayo iko peke yake, hailingani na yoyote katika hizo.

Maumbo haya yana historia. Filamu za sinema za zamani zilikuwa na kidirisha cha milimita 18 kwa 24, yaani 3 kwa 4. Mjerumani Oskar Barnack alipobuni kamera ndogo ya Leica, iliyoingia sokoni mwaka 1925, alitumia filamu hiyo hiyo lakini akaunganisha vidirisha viwili kuwa kimoja cha milimita 24 kwa 36. Hapo ukapatikana uwiano wa 2 kwa 3, na karatasi ya 4 kwa 6 inaufuata sawasawa. Televisheni na kompyuta za mwanzo zilibaki na 4 kwa 3, kamera ndogo za kidijitali zikafuata vioo hivyo, na simu zetu zikarithi. Ndiyo maana picha ya simu na karatasi ya albamu haziendani.

Sasa tuhesabu hasara. Chukua picha ya simu ya megapikseli 12, pikseli 4,000 kwa 3,000, iliyolala. Ukiitia kwenye karatasi ya 4 kwa 6 bila kuacha nafasi nyeupe, kimo cha 3,000 kitashuka hadi 2,667. Umepoteza sehemu moja ya tisa, nusu yake juu na nusu chini. Kama vichwa viligusa ukingo wa juu, vilemba vimeondoka.

Picha ya 16 kwa 9 iliyosimama ni mbaya zaidi. Ikiwa ni pikseli 2,250 kwa 4,000 na unataka inchi 8 kwa 10, kitakachobaki ni 2,250 kwa 2,812. Karibu asilimia 30 ya kimo imekatwa. Hii ndiyo picha ya susu aliyesimama mlangoni kwake, kutoka kilemba hadi viatu. Haiwezekani kuijaza karatasi hiyo na yeye akabaki mzima.

Picha ya familia ina hatari yake. Mpiga picha amekuja na kamera ya 3 kwa 2, watu kumi na wawili wakasimama mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo. Baadaye mwenye nyumba anaagiza 8 kwa 10. Kutoka 3 kwa 2 kwenda 5 kwa 4 unapoteza sehemu moja ya sita ya urefu wa mstari. Sehemu moja ya sita ya watu kumi na wawili ni watu wawili, mmoja kila upande. Na ukingoni husimama nani? Katikati huwekwa wazee na maharusi. Pembeni ni mke wa mtoto wa mwisho, ni yatima anayelelewa hapo, ni yaya, ni mtoto aliyechelewa kuja. Mashine haijui ukoo wa mtu, wala haikati kwa chuki, lakini mtoto anayejitafuta ukutani na asijione hawezi kujua hayo.

Studio ikipokea picha isiyolingana na karatasi ina njia tatu. Ya kwanza ni kujaza karatasi na kukata kinachozidi. Ya pili ni kuingiza picha yote na kuacha mistari myeupe pande mbili. Ya tatu ni kuivuta hadi ienee, na hii usiikubali kamwe. Picha ya 3 kwa 4 ikivutwa hadi 2 kwa 3, uso unarefuka kwa sehemu moja ya nane. Mwembamba anakuwa mgonjwa, na mnene aliyevutwa upande wa pili anakuwa mtu mwingine kabisa. Kijana wa studio akiwa na foleni hakuulizi. Mashine yake imepangwa kujaza na kukata katikati, basi itafanya hivyo. Kwa hivyo muulize wewe: "Kijana, hii utaikata wapi? Nionyeshe kwanza kwenye kioo." Kuuliza si ujinga.

Bora zaidi ni kukata mwenyewe kabla hujatoka nyumbani, maana wewe ndiye unayejua nani ni nani. Kwanza amua ukubwa wa karatasi, na kama fremu iko tayari, ipime kwa rula. Pili, tengeneza nakala ya picha. Ile ya asili usiiguse, kwani kesho utataka ukubwa mwingine. Tatu, fungua sehemu ya kukata katika simu. Google Photos na Snapseed zote zina uwiano uliopangwa tayari. Kwa karatasi ya 4 kwa 6 chagua 3:2, kwa 8 kwa 10 chagua 5:4, na kwa 5 kwa 7 chagua 7:5, ambayo iko katika Snapseed. Nne, sogeza kisanduku mpaka nyuso zote ziwe ndani, na uache nafasi kidogo juu ya vichwa, kwa sababu mashine nyingi hula ukingo mdogo zaidi wakati wa kuchapa. Kama watu hawaingii, acha kulazimisha. Badilisha karatasi, au kubali mistari myeupe. Fundi wa fremu anaweza kuifunika kwa kadibodi na picha ikapendeza.

Kukata kuna bei, na bei hiyo ni pikseli. Ili picha itoke safi ikishikwa mkononi, studio hupenda pikseli 300 kwa kila inchi. Inchi 4 kwa 6 zinahitaji 1,200 kwa 1,800, na 8 kwa 10 zinahitaji 2,400 kwa 3,000. Picha ya megapikseli 12 inatosha hata baada ya kukatwa. Lakini ukitoa uso mmoja katika kundi la watu ishirini, huenda ukabaki na pikseli mia tatu tu, na hakuna fundi wa kukuongezea. Hapo agiza picha ndogo.

WhatsApp nayo huipunguza picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Tuseme imefika ikiwa na 1,600 kwa 1,200. Ukiikata iwe 8 kwa 10 unabaki na pikseli 150 kwa inchi. Ukutani kwa mbali itavumilika, lakini mkononi utaona ukungu. Mwombe aliye na picha ya asili aitume kama faili ya hati, haitapunguzwa.

Picha za viza na za karatasi za safari zina sheria zake. Marekani inataka mraba wa inchi 2 kwa 2, nchi za Schengen zinataka milimita 35 kwa 45. Picha iliyokatwa kwa moja huenda isigeuzike kuwa nyingine bila kuharibu nafasi ya kichwa, basi weka ile pana ya asili na ukate kila moja kutoka hapo.

Dawa kubwa kuliko zote ni wakati wa kupiga. Rudi nyuma hatua mbili. Acha hewa juu ya vichwa na pembeni mwa mstari. Kundi likiwa kubwa, lipange mistari miwili au mitatu badala ya mmoja mrefu. Na kila mzee wa nyumba, wa Mutomo au wa Mvita, apigwe picha moja peke yake, kifuani hadi kilemba, mchana, nafasi ikiwa imeachwa pande zote, angali hai na akitabasamu. Haichukui dakika tano, na siku itakapohitajika hakuna atakayelazimika kumkata mtu mwingine ili ampate yeye.