Transfoma Inayotenga na Isiyotenga

Jioni moja ya majira ya mvua tulialikwa chakula nyumbani kwa rafiki yetu mjini Baraka, mwalimu kama sisi. Alikuwa amenunua ampli kuukuu iliyotoka ng'ambo, pamoja na mabafle mawili makubwa, ili jamaa yake wasikilize habari na nyimbo baada ya kazi. Ampli ile yataka volti 110, na umeme wa kwetu ni wa volti 220, basi muuzaji akampa na kisanduku kizito cha chuma, akamwambia, "Hii ni transfoma, usiwe na wasiwasi." Vyombo havijaondolewa bado mezani, mtoto wake wa miaka tisa akaenda kuongeza sauti. Alikuwa miguu mitupu, na maji ya mvua yalikuwa yamepita chini ya mlango yakalowesha sakafu ya udongo. Alipogusa ubavu wa ampli akapiga ukelele mmoja, akatupwa mpaka ukutani. Mungu alimnusuru, lakini mkono wake ulitetemeka kwa muda mrefu.

Baba yake akatugeukia, akauliza, "Mwalimu, si transfoma ipo?" Swali hilo ndilo lililotushikisha kalamu. Maana muuzaji hakusema uongo, ila hakusema kweli yote.

Wasomaji wetu na waanze na jambo hili: mkondo wa umeme hauna budi kurudi ulikotoka, na ukikosa njia ya kurudi hautembei kabisa. Katika miji yenye umeme wa serikali, kama Uvira inayopata umeme wa mto Ruzizi, waya mmoja kati ya zile mbili huunganishwa na ardhi na mafundi wenyewe. Kwa hiyo mtu asimamaye chini na kugusa waya ule mwingine amefanya mwili wake kuwa daraja. Kwetu Baraka, na huko juu Fizi, nyumba nyingi hutegemea jenereta au vioo vya jua. Jenereta ndogo iliyo peke yake mara nyingi haikufungwa na ardhi kwa waya wowote, ndiyo sababu watu huiona pole. Lakini mfanyabiashara anapovuta nyaya kwa majirani kumi kutoka jenereta moja, yatosha waya wa nyumba moja uchubuke na kugusa ukuta uliolowa au bati. Tangu saa hiyo ardhi yenyewe imekuwa waya wa pili kwa nyumba zote kumi, wala hakuna ajuaye. Ndivyo ilivyokuwa kwa rafiki yetu. Na ndani ya ampli yake waya mwingine ulikuwa umechakaa, ukaegemea ganda la chuma.

Hesabu yake si ngumu kwa wanafunzi. Mwili wenye ngozi iliyolowa waweza kuzuia umeme kwa omu kama 1,000 tu. Volti 220 zikigawanywa kwa 1,000 twapata ampea 0.22, na hali ampea 0.03 zikipita kifuani kwa kitambo zaweza kuuvuruga moyo.

Sasa tuitazame transfoma. Mwaka 1831, mjini London, Michael Faraday alizungusha nyaya mbili, mbalimbali, juu ya pete moja ya chuma. Alipotia umeme katika waya wa kwanza, na tena alipoukata, sindano iliyounganishwa na waya wa pili ikacheza, ingawa nyaya hazikugusana. Mwaka 1885 mafundi watatu wa Budapest, Zipernowsky, Déri na Bláthy, wakaitengeneza kuwa chombo cha kazi. Katika transfoma ya namna hiyo nguvu huvuka kwa sumaku peke yake. Koili ya pili haina undugu na nyaya za barabarani wala na ardhi. Mtu asimamaye chini akigusa waya mmoja wa upande huo, mkondo hauna njia ya kurudi kwa kupitia ardhi, nao haumpigi. Huko Ulaya matundu ya wembe wa umeme katika vyumba vya kuogea huwekewa transfoma kama hiyo, ndogo sana.

Lakini iko namna nyingine, yenye koili moja tu iliyotobolewa njia katikati. Hiyo nayo hugeuza 220 kuwa 110 vizuri kabisa, tena ni nyepesi na bei yake ni nafuu. Ila waya wa barabarani umeingia moja kwa moja hata ndani ya ampli. Kisanduku cha rafiki yetu kilikuwa cha namna hiyo, na vyombo vingi vya kutuliza volti vinavyouzwa masokoni ni ndugu zake. Inverta nyingine za bei ndogo vilevile hazitengi kitu.

Namna ya kuzipambanua yapasa ifanyike dukani kabla ya kutoa fedha. Chomoa transfoma, umwombe fundi aweke mita yake katika omu, ncha moja kwenye waya wa kuingilia na nyingine kwenye waya wa kutokea, kisha abadilishe kila waya na kila waya. Mita ikionyesha njia, transfoma haitengi, irudishe rafuni. Tazama pia uwezo wake: kwa ampli inayokula wati 200, twashauri isiyopungua volti-ampea 300, maana iliyo ndogo huchemka.

Hata hiyo nzuri ina mipaka yake. Ashikaye nyaya zote mbili za upande wa pili hupigwa kama kawaida. Koili hiyo isifungwe na ardhi. Tena transfoma moja ni kwa chombo kimoja. Vikiwa viwili, fundi aunganishe maganda yao ya chuma kwa waya usiokwenda ardhini.

Wako wanaokata kijiti cha waya wa ardhi kwenye plagi ili mvumo katika mabafle ukome. Mvumo hukoma kweli. Mwaka 1972, huko Swansea nchini Wales, mpiga gitaa Les Harvey alifariki jukwaani aliposhika maikrofoni, kwa sababu vyombo havikuunganishwa na ardhi ipasavyo.

Rafiki yetu amekwisha kupata transfoma ya koili mbili, na waya uliochakaa umebadilishwa. Mama wa nyumba, hata hivyo, bado hamruhusu mtoto kuikaribia ampli bila kandambili.