Anwani Inayomfuata Msomaji wa Tovuti

Mtu anapobofya kiungo kinachomtoa tovuti moja kwenda nyingine, kivinjari chake, yaani programu anayofungulia kurasa za intaneti, huweza kuipelekea tovuti mpya anwani ya ukurasa alikotoka. Taarifa hiyo ya chanzo, iliyoelezwa katika waraka wa itifaki ya HTTP wa mwaka 1996, ina manufaa yake, kwani wakala wa utalii anayewapitisha wapandaji mlima katika mji wa Sanya Juu, Tanzania, kuelekea lango la kupandia la Londorossi hujua kwayo ni tovuti zipi zilizomletea wageni.

Hatari huanza anwani yenyewe inaposema mengi. Karibu na Sanya Juu ipo Hospitali ya Kibong'oto, inayojulikana kwa tiba ya kifua kikuu, maradhi yanayoendelea kuwaletea watu unyanyapaa. Msomaji akitoka kwenye ukurasa wowote ambao anwani yake imetaja kifua kikuu sugu, tovuti ya matangazo anakofikia yaweza kukisia afya yake bila yeye kutamka neno. Jambo hili si la kinadharia: mwaka 2015 ilibainika kwamba tovuti ya bima ya afya ya serikali ya Marekani, healthcare.gov, ilipitisha kwa njia hiyo umri, kipato na hata hali ya ujauzito ya watumiaji kwa kampuni za nje.

Wapo wanaodhani kwamba kumpitisha mgeni kwenye anwani ya katikati kunatosha. Hakutoshi, kwa sababu seva ikitoa agizo la kuelekeza lenye namba 302, kivinjari kwa kawaida hubeba chanzo kilekile hadi mwisho wa safari. Kinga ya kweli ni tamko la Referrer-Policy, ambalo likipewa thamani ya no-referrer hukizuia kivinjari kutaja chanzo chochote. Chrome tangu 2020 na Firefox tangu 2021 hutuma jina la tovuti pekee kwenda tovuti za nje pasipo tamko jingine, lakini kwa tovuti ya ugonjwa mmoja jina hilo peke yake limekwisha kusema yote.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, hivyo inafaa mwenye tovuti ya tiba aweke tamko hilo mwenyewe. Halifichi anwani ya IP ya mgeni, wala halifuti kilichoandikwa ndani ya kiungo chenyewe. Namba ya mgonjwa isiwekwe humo kamwe.