Na Gari Hadi Regensburg: Pesa Ipi Italipa Nini?

Unapanga kukodi gari na kujiendesha Ujerumani likizo hii? Sisi tulifanya hivyo tukiwa watatu, kutoka uwanja wa ndege wa Munich hadi Regensburg, mji wa kale kando ya mto Danube, takriban kilomita 100. Huko wanaendesha upande wa kulia, lakini hilo tulilizoea. Kilichotutoa jasho ni pesa.

Dhamana si malipo, lakini pesa huigusi

Kwenye kaunta ya magari tulitoa kadi ya mtandaoni, ile ya ndani ya simu. Mhudumu akakataa. Alitaka kadi halisi ya mkopo yenye jina la dereva. Bahati nzuri mmoja wetu alikuwa nayo, na hapo hapo euro 500 zikazuiliwa kama dhamana. Pesa hizo hazikukatwa, ila hatungeweza kuzitumia. Na ndizo tulizotegea kulipia hoteli!

Kabla ya kusafiri, uliza: wanakubali kadi gani, dhamana ni ngapi, na itaachiliwa lini? Kisha panga bajeti yako kana kwamba hiyo dhamana haipo. Beba pia kibali cha kimataifa cha kuendesha gari pamoja na leseni yako.

Laini yako iwe hewani

Ilibidi tupigie jamaa zetu Nairobi kwa intaneti ya hoteli, watutumie pesa kwa simu. Pesa ikaingia, lakini nambari ya uthibitisho ya kulipa kwa kadi ilitumwa kwa laini ya Kenya ambayo haikuwa na mtandao. Washa huduma ya kutumia laini ng'ambo kabla hujatoka nyumbani. Na hiyo nambari usimpe mtu, hata akisema anapiga kutoka hotelini.

Egesha, kisha tembea

Mji wa kale wa Regensburg uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006. Daraja lake la Mawe lilijengwa kati ya 1135 na 1146, na siku hizi magari hayapiti. Kwa hivyo acha gari kwenye jengo la kuegesha. Tiketi unayopewa mlangoni tembea nayo, maana unalipa kwenye mashine kabla ya kurudi kwa gari.

Ukiona kibao chenye picha ya kisahani cha saa, weka kile cha buluu kwenye dashibodi. Ukifika saa nne na dakika kumi, mshale unawekwa saa nne na nusu.

Sarafu, na euro

Usidhani kadi inafanya kazi kila mahali. Vyoo vya umma na mikahawa midogo mara nyingi hutaka pesa taslimu. Na mashine ikikuuliza kama unataka kulipa kwa shilingi au euro, chagua euro. Ukichagua shilingi, mara nyingi unabadilishiwa kwa bei mbaya.

Jioni ya mwisho tulisimama darajani tukitazama minara ya kanisa kuu la Mtakatifu Petro. Ilikuwa raha kweli. Ingekuwa raha tangu siku ya kwanza, kama tungeuliza ile dhamana tukiwa bado Nairobi.