Namna Faili Inavyovuka Kati ya Kompyuta za Mifumo Mbalimbali

Mtu anapohamisha faili kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao, hudhani kwamba kazi hiyo ni sawa na kumimina maji kutoka mtungi mmoja hadi mwingine. Maji hayabadiliki kwa kubadilishiwa chombo. Faili, hata hivyo, yaweza kubadilika. Yaweza kufika ikiwa na jina lilelile, bila ya kompyuta yoyote kutoa onyo, na ikawa imeharibika kiasi cha kutofaa tena. Ili kufahamu sababu yake, yapasa kwanza kuelewa faili ni kitu gani.

Faili ni namba

Faili ni mfululizo wa namba. Katika kompyuta za leo kila namba hukaa katika baiti moja, yaani biti 8, na kwa hiyo huwa kati ya 0 na 255. Ndani ya faili hamna herufi wala picha. Mna namba tu. Maana ya namba hizo hutokana na mapatano ya watu. Kwa mapatano yaitwayo ASCII, yaliyotolewa Marekani mwaka 1963, herufi A ni namba 65. Kwa mapatano ya EBCDIC, ambayo kampuni ya IBM iliyatumia katika kompyuta zake kubwa za miaka ya 1960, herufi hiyohiyo ni namba 193. Kompyuta ya ASCII ikipelekewa faili ya EBCDIC bila ya kufasiriwa, itaonyesha vurugu tupu.

Hata mifumo inayokubaliana kuhusu herufi hutofautiana kuhusu mwisho wa mstari. Asili ya jambo hili ni mitambo ya teleprinta, ambayo ilihitaji amri mbili: ya kwanza, namba 13, ilirudisha kichapio mwanzo wa mstari, ya pili, namba 10, ilisogeza karatasi juu. Mfumo wa Unix ulichagua kutumia 10 peke yake. Mifumo ya MS-DOS na Windows ilishika zote mbili, 13 na 10. Kompyuta za Macintosh za awali zilitumia 13 peke yake. Hakuna aliyekosea kati ya hao. Kila mmoja alichagua njia yake.

Haja ya lugha ya katikati

Tatizo hili lilijitokeza mara tu kompyuta zilipounganishwa. Mwishoni mwa mwaka 1969 mtandao wa ARPANET, uliogharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ulikuwa na vituo vinne. Los Angeles palikuwa na Sigma 7, iliyoshughulikia biti 32 kwa mkupuo mmoja. Taasisi ya Utafiti ya Stanford ilikuwa na SDS 940 ya biti 24. Santa Barbara palikuwa na IBM 360 ya biti 32. Na Chuo Kikuu cha Utah kilikuwa na PDP-10 ya biti 36. Kila moja ilikuwa na mfumo wake wa uendeshaji, yaani programu kuu inayosimamia kazi zote za mashine, pamoja na desturi zake za kutunza faili.

Njia moja ingekuwa kuandika programu ya kufasiri kwa kila jozi ya mifumo. Hesabu yake, hata hivyo, hukua upesi. Ikiwa kuna mifumo 10, kila mmoja utahitaji kufasiri kwenda kwa mingine 9, jumla 10 × 9, yaani programu 90. Lakini ikiwapo lugha moja ya katikati, kila mfumo utahitaji programu mbili tu: moja ya kutoka katika desturi yake kwenda lugha hiyo, na moja ya kurudi. Jumla ni 20.

Hilo ndilo wazo lililoshinda. Mwezi Aprili 1971, Abhay Bhushan wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts alitoa waraka wa kwanza wa itifaki ya kuhamisha faili, ambayo hujulikana kwa herufi FTP. Katika umbo lake lililokomaa, lililochapishwa mwaka 1985, maandishi husafiri njiani kwa ASCII, na kila mstari huishia kwa 13 na 10. Mtumaji hufasiri kutoka desturi ya kwake. Mpokeaji hufasiri kwenda desturi ya kwake. Hakuna anayelazimika kujua mwenzake ni mashine ya aina gani.

Hatari ya kufasiri kisichofasirika

Tafsiri hiyo hufaa kwa maandishi tu. Katika faili ya picha, namba 10 haina maana ya mwisho wa mstari. Huenda ikawa sehemu ya rangi. Kwa sababu hiyo FTP ina namna ya pili ya kusafirisha, ambayo hupeleka kila baiti kama ilivyo. Mtumiaji akisahau kuichagua, picha hutendewa kama barua. Ikiwa namba zimetawanyika sawasawa katika faili yenye baiti 1,000,000, basi namba 10 hutokea mara 3,900 hivi, na kila mahali hapo paweza kupachikwa 13 isiyotakiwa. Kinyume chake ni kibaya zaidi: kila 13 iliyotangulia 10 ikiondolewa, hakuna awezaye kujua baadaye ni 10 zipi zilizokuwa na 13 mbele yake. Hasara hiyo haina tiba, ila kuhamisha faili upya, ikiwa ya asili bado ipo.

Waliobuni aina ya picha iitwayo PNG, mwaka 1996, waliliona hilo. Kila faili yao huanza na baiti nane: 137, 80, 78, 71, 13, 10, 26, 10. Ndani yake mna mtego. Jozi ya 13 na 10 huvunjika 13 ikiondolewa. 10 ya mwisho hubadilika 13 ikiongezwa. Na 137 hupotea ikiwa njia inapitisha biti 7 tu. Programu ikiona alama hiyo imebadilika, hutambua mara moja kwamba faili imeharibiwa njiani.

FTP ya asili ilikuwa na upungufu mwingine: neno la siri hupita mtandaoni wazi, bila ya kufichwa. Itifaki ya SSH, iliyobuniwa Finland na Tatu Ylönen mwaka 1995, ilifungua njia ya usafirishaji wa siri, na mwaka 2021 vivinjari vikubwa viliacha kuihudumia FTP.

Jaribio kwa wanafunzi

Andika maneno SIMU, MOTO na MAJI, kila moja katika mstari wake, na kila mstari uishe kwa alama ya mwisho. Kwa desturi ya Unix faili itakuwa na baiti 15. Kwa desturi ya Windows, 18. Wanafunzi waeleze baiti tatu za ziada zimetoka wapi, kisha wajibu swali hili: je, hizo ni faili mbili, au ni faili moja katika mavazi mawili?