Valvu Imetii Kweli? Sumaku Hujibu Bila Kugusa

Mwanza ni jiji la miamba: ziwa liko chini, nyumba nyingi ziko juu. Maji kutoka vyanzo vya Capri Point na Butimba husukumwa kwa pampu hadi kwenye matangi ya vilimani, ndipo yashuke mitaani. Njiani kuna valvu. Valvu kubwa ikifungwa ghafla, maji yaliyokuwa mbioni hulipiga bomba kama nyundo, na bomba laweza kupasuka. Kwa hiyo mtambo unaoiendesha valvu kutoka mbali hautoshelezwi na kuamuru "funga nusu". Lazima ujue kama valvu imetii.

Njia ya zamani hufanana na kitufe cha sauti cha redio: ulimi mdogo wa chuma huteleza juu ya utepe wa kaboni. Sote tumesikia redio kuukuu ikikwaruza tunapoongeza sauti. Mguso umelika. Kwenye valvu, mkwaruzo huo ni taarifa ya uongo.

Mwaka 1879, Edwin Hall, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, hajatimiza hata miaka 24 (mdogo kuliko mimi!), alipitisha umeme kwenye bati jembamba mno la dhahabu lililowekwa kati ya ncha za sumaku. Sumaku iliusukuma umeme upande, na volteji ndogo ikaonekana kati ya kingo mbili za dhahabu.

Leo sumaku ndogo hufungwa kwenye ncha ya shafti ya valvu. Mbele yake, ndani ya kasha lisilopitisha maji, hukaa vihisi viwili vilivyopishana kwa nyuzi 90. Shafti ikizunguka, volteji ya kimoja hupanda na ya kingine hushuka. Uwiano wake hutoa pembe. Sumaku ikidhoofika kwa joto, zote mbili hupungua pamoja, uwiano usibadilike.

Jibu husafiri kwa waya: kwa kawaida miliampia 4 ni imefungwa, 12 ni nusu, 20 ni wazi kabisa. Kwa nini isianzie sifuri? Kwa sababu sifuri ni dalili ya waya uliokatika.

Lakini tukumbuke: kihisi huisoma sumaku, hakiioni valvu yenyewe. Sumaku ikilegea kwenye shafti, kihisi kitatoa taarifa safi isiyo ya kweli. Sisi wa falsafa tunajifunza kutofautisha ishara na kitu chenyewe. Fundi naye, kila akifanya ukaguzi, huifunga valvu kwa mkono na kulinganisha.